Penseli Nyeupe na Karatasi ya Tumbaku

Juma lililopita niliingia duka la vifaa vya shule pale Majengo, Mpanda mjini, nikatoka nikiwa mshukiwa. Sikuiba kitu. Niliomba karatasi ya kuchorea kwa penseli za rangi, nikapewa, kisha nikafanya kile ninachofanya tangu utotoni nikishikishwa karatasi nisiyoifahamu: nikaipitisha shavuni, nikaikwaruza kwa ukucha, nikainusa, na kabla sijajizuia nikaigusa kwa ncha ya ulimi. Kijana muuzaji akarudi nyuma.

"Mama, hiyo ni rimu ya kawaida tu. Haina shida yoyote."

"Ni nyororo mno," nikamwambia. "Rangi itateleza."

"Sasa si ndiyo nzuri, mama? Watu wote wanataka nyororo."

"Huna inayokwaruza kidogo?"

Akanitazama viatu, akautazama mkoba wangu, kisha akashusha sauti. "Samahani, mama yangu. Wewe ni mtu wa mapato?"

Ukweli ni mdogo zaidi kuliko hofu yake. Nimevuka hamsini, nina shahada mbili ambazo hazijawahi kunifundisha kufunga chandarua vizuri, na daktari ameniambia nitafute shughuli ya kunituliza. Rafiki zangu wa umri huu wanafuga kuku. Mimi nimenunua penseli za rangi. Jioni nafuata masomo kwenye simu, ambako mtu mwenye sauti ya upole hurudia kwamba penseli nzuri kwenye karatasi mbaya ni kazi bure. Karatasi lazima iwe na meno ya kuing'ata rangi. Anasema hivyo kana kwamba ni siri kubwa. Mimi nilifundishwa jambo hilo na moshi wa bani la jirani yetu, banda lake la kukaushia tumbaku, na elimu hiyo nusura imkoseshe mtu mazao yake ya msimu mzima.

Nililelewa na bibi, mama yake mama, katika kijiji kilicho kwenye njia ya kwenda Mwese, pale ambapo milima inaanza na barabara inakata tamaa. Nyumba yetu ilikuwa ya tofali za kuchoma, jikoni kando, na nyuma yake shamba la mihogo lililopakana na la jirani. Ukiniuliza harufu ya utoto wangu nitakujibu bila kufikiri: mahindi mabichi ya kuchoma, na ule moshi mtamu wa tumbaku inayokaushwa, ambao ulikaa kwenye shuka, kwenye sare ya shule na hata kwenye uji.

Bibi alimshuku kila mtu kwa usawa, bila kubagua dini wala kabila. Alimshuku mchuuzi wa chumvi na chumvi yenyewe. Alimshuku jogoo aliyewika mapema. Ukimsalimia kwa furaha kupita kiasi, alijibu "marahaba" kisha akakaa kimya akisubiri uombe ulichojia. Mtu akileta kitu bure, alikuwa na maswali yake matatu ambayo hakuyaruka hata kwa katekista: kimetoka wapi, kwa nini leo, na nani mwingine kapewa.

Kwa hiyo shangazi yangu aliyekuwa akiishi Tabora alipoleta boksi la penseli za rangi, zilihojiwa. Bibi alizitoa moja moja akazijaribu kwenye kiganja chake. Nyekundu ilipita. Kijani ilipita. Alipofika kwenye nyeupe akachora, akachora tena kwa nguvu, akakisogeza kiganja karibu na jicho.

"Hii haina kitu ndani."

"Ni nyeupe, bibi."

"Nyeupe ya kuandika wapi, kwenye karatasi nyeupe? Wamejaza boksi hao. Mwambie shangazi yako amepunjwa."

Sikuwa na la kumtetea mtengenezaji. Niliijaribu kwenye daftari la shule na kweli, haikuacha hata kivuli. Lakini nikagundua pia kwamba hata zile nyingine hazikuwa na raha kwenye daftari. Karatasi ilikuwa nyepesi. Ukikandamiza ili bluu iwe bluu kweli, penseli ilitoboa na kutokea kwenye hesabu za ukurasa wa pili. Basi nikaanza kutafuta karatasi nyingine, na katika kijiji kile karatasi haikuwa kitu cha kuokota ovyo.

Nilijaribu mgongo wa kalenda ya parokia. Ulikuwa mweupe na mzito, unavutia macho, lakini ulikuwa unang'aa, na rangi iliteleza juu yake kama mtu mwenye viatu vipya kwenye matope. Nilijaribu boksi la sabuni nikapata mistari ya mbavu kila nilipopitisha penseli. Mfuko wa saruji ulikuwa na tabaka la ndani zuri sana, ila vumbi lake lilikula ncha za penseli kuliko kichongeo. Karatasi ya dukani iliyofungiwa sukari ilishika rangi vizuri, na ikashika na sisimizi. Nikajifunza kuonja kabla ya kuchora. Karatasi yenye nta au mafuta huuachia ulimi. Ile itakayoshika rangi huung'ang'ania kidogo. Ni kipimo ambacho hadi leo sijaona kikifundishwa kwenye simu.

Bibi alinikuta nyuma ya jiko nikilamba kona ya gazeti. Hakuuliza maswali matatu. Alinivuta kope la chini akaangalia wekundu, akanikagua kucha, akatangaza kwamba nina safura na kwamba nisipotibiwa, kesho nitaanza kula udongo wa kichuguu. Nilinyweshwa maji ya mwarobaini asubuhi na jioni hadi maneno yakawa machungu mdomoni. Nilipojaribu kueleza kwamba napima karatasi, akamwambia mama mmoja aliyekuja kuomba moto: "Umesikia? Minyoo imeshapanda kichwani."

Sasa jirani. Alikuwa mzee mwembamba aliyefiwa na mkewe miaka mingi nyuma, mkulima wa tumbaku, mwenye kikohozi kilichotangulia kufika kabla yake. Nilimwita babu ingawa hatukuwa ndugu. Msimu wa kukausha alikaa mbele ya bani lake akilisha kuni, usiku na mchana, akiwa na sura ya mtu anayeuguza mgonjwa. Jioni moja alivuka mpaka wa mihogo akiwa na kifurushi kwapani.

"Karanga hizi, jirani," akamwambia bibi.

"Zimetoka wapi?"

"Shambani."

"Kwa nini leo?"

Babu akakohoa. "Zimezidi."

"Nani mwingine kapewa?"

Hapo babu akakohoa kwa muda mrefu sana, hadi bibi akachoka kusubiri jibu akakipokea kifurushi kwa vidole viwili. Alipoondoka, bibi alizimwaga karanga kwenye ungo akazikagua moja moja, na karatasi akaitupa kuelekea mafigani. Niliidaka hewani.

Ilikuwa ile karatasi ya kahawia ambayo chama cha msingi cha ushirika kiliwagawia wakulima kwa ajili ya kufungia marobota ya tumbaku. Unaijua? Nzito, ngumu kuchanika, upande mmoja umelainika na wa pili una vinyweleo. Niliipitisha shavuni ikanikwaruza kwa adabu. Niliigusa kwa ulimi, ikaung'ang'ania. Ilinukia tumbaku na jua. Nikachora jani la muhogo, na kijani kikaingia ndani ya karatasi kikakaa, kama mtu aliyefika kwao.

Kisha, kwa utundu tu, nikachukua ile penseli nyeupe.

Rafiki yangu, nimeona mambo. Nimeona mji wa ughaibuni ukifunikwa na theluji nikiwa na ufadhili wa masomo na koti la kuazima. Sijaona weupe kama ule. Juu ya kahawia ile, penseli iliyodhaniwa tupu ilitoa mwanga. Nikaweka mstari pembeni ya jani, jani likalowa umande. Nikachora sufuria la bibi, nikaweka nyeupe begani mwake, likang'aa kama limesuguliwa kwa mchanga. Uso wa mtu haukuhitaji hata kupakwa: karatasi ilikuwa tayari na rangi yetu. Ulichotakiwa ni kuongeza kivuli mahali, na mwanga mahali.

Babu aliendelea kuleta vifurushi, na bibi aliendelea kuvipokea kwa vidole viwili. Mara karanga, mara uyoga uliokaushwa, mara dagaa wa Karema. Siku za dagaa zilinihuzunisha. Karatasi ilikuja na madoa ya mafuta, na palipo na mafuta rangi haikai hata uibembeleze. Nikamwambia babu kwamba karanga ndizo zinazompendeza bibi zaidi. Alinisikiliza kwa makini sana, akauliza, "Alisema hivyo?" Tangu hapo zilikuja karanga tu. Aliniona pia siku moja nikizikunjua karatasi na kuzinyoosha kwa kiganja, na baada ya hapo vifurushi vikaanza kubadilika umbo: karanga za kujaza ngumi, zimefungwa kwenye karatasi ya upana wa mkeka.

Bibi aliliona hilo. Alikiinua kifurushi, akakipima kwa mkono. "Huyu mzee ananiletea karatasi au ananiletea karanga?"

Nilichora. Nilimchora fundi baiskeli, mbuzi, katekista akisinzia, akina mama kisimani, na bibi mwenyewe akichambua mchele, mvi zake zikitoka pembeni ya kitambaa kwa ile penseli nyeupe. Michoro niliitandaza chini ya godoro la bibi inyooke. Mmoja tu, ule wa kisima, niliupeleka shuleni, na mwalimu wetu akautundika ukutani karibu na ramani.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Karani wa chama alikuwa na mtoto darasani kwetu. Alikuja kwenye kikao cha wazazi, na wakati wengine wanazungumzia madawati, yeye alisimama mbele ya mchoro wangu. Nilikuwa dirishani pamoja na wenzangu. Niliona anasogea karibu nikafurahi. Nilidhani nimepata mpenzi wa sanaa. Akaunusa. Akageuza kona kwa kidole. Nyuma kulikuwa na muhuri wa chama.

Ili uelewe uzito wake, lazima nikukumbushe habari ya vishada. Hao walikuwa walanguzi waliozunguka vijijini wakinunua tumbaku kwa siri kutoka kwa wakulima ambao tayari walikuwa wamechukua mbolea ya chama. Aliyeuza kwao alihesabiwa msaliti. Chama kingeweza kukataa kupokea tumbaku yake yote iliyobaki. Na dalili ya kwanza waliyoitafuta ilikuwa karatasi. Mkulima aligawiwa ya kumtosha tu. Karatasi ikiisha kabla ya marobota kufungwa, basi kuna marobota mengine yamefungwa mahali pengine.

Karani akapita kwa kila mkulima akihesabu karatasi. Ya babu ilikuwa imekwisha, na tumbaku yake imelala bila kufungwa. Kijiji kikaanza kukumbuka mambo. Huyu alikumbuka kusikia gari. Yule alikumbuka kumwona babu akipita mihogoni na furushi kwapani, jioni, akitazama huku na huku. Hata kikohozi chake kilishukiwa kuwa ni ishara.

Waliitwa wanachama kwenye ghala la chama. Bibi hakuwa mkulima wa tumbaku, hivyo hakuwa na sababu ya kwenda. Alinisikiliza nilipomsimulia mambo ya shuleni, akaendelea kutwanga. Kisha akauacha mchi ndani ya kinu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaingia ndani, akatoka akiwa amevaa kitenge cha Jumapili na michoro yangu yote imekunjwa kwapani.

"Bibi, unaipeleka wapi?"

"Nyamaza. Twende."

Lazima nikuambie alichokuwa anakibeba. Bibi alikuwa mjane aliyeheshimika, wa benchi la mbele kanisani. Msimu mzima akina mama walipomuuliza karanga nzuri hizi amezitoa wapi, alijibu, "Ninazo." Basi. Hakuna aliyejua kwamba kuna mzee anavuka mpaka jioni. Sasa alikuwa anakwenda kulisema hilo ghalani, mbele ya watu waliokuwa na njaa ya habari.

Tulimkuta babu amesimama katikati, kofia mkononi. Karani alikuwa anamuuliza karatasi imekwenda wapi, naye anajibu, "Imetumika."

"Imetumika kufungia nini, mzee?"

"Vitu."

"Vitu gani? Tumbaku si kitu?"

Babu akakohoa. Leo najua kwamba angekohoa hadi wamfukuze uanachama kuliko kulitaja jina la bibi pale. Wakati ule nilidhani ni ugonjwa tu.

Bibi alipita katikati ya watu, akachuchumaa, akaanza kutandaza michoro sakafuni, mmoja baada ya mwingine. Mbuzi. Fundi baiskeli. Katekista, na hapo mtu akacheka.

"Karatasi yenu hii hapa," akasema. "Pimeni."

Karani akainama, akageuza mmoja kuangalia muhuri. "Na ilifikaje kwako, mama?"

"Ilikuja na karanga."

"Karanga za nini?"

"Karanga za kula. Wewe kwenu mnazifanyia nini?"

Ghala likalipuka kwa kicheko. Kutoka nyuma sauti ya mama mmoja ikapenya: "Msimu mzima, mwenzetu? Nyie mnakula karanga tu?"

"Na dagaa," bibi akajibu bila kugeuka, "mpaka huyu mtoto alipowakataa."

Wakacheka hadi wengine wakatoka nje. Babu alikuwa anatazama kofia yake. Karani hakucheka, alikuwa mtu wa kazi. Alipanga michoro pembeni kwa pembeni, akapiga hatua kuzunguka, akakubali shingo upande kwamba karatasi ya mzee ndiyo hii na hakuna kishada yeyote. Kisha akasema kwamba kwa kuwa karatasi nyingine haipo hadi msimu ujao, na tumbaku haiwezi kupokelewa bila kufungwa, hii irudi kwenye kazi yake.

"Michoro ni ya mtoto," babu akasema. Ilikuwa mara ya kwanza siku ile kutamka sentensi nzima.

"Mtoto atachora mingine. Tumbaku yako itaoza."

Wote wakanigeukia. Nilikuwa nimeukumbatia ule wa bibi akichambua mchele. Sijui niliuokota saa ngapi. Babu akasema huo mmoja uachwe, atapunguza robota moja. Nikamtazama bibi nikitarajia anitetee. Alinitazama kwa jicho lile lile alilomtazamia mchuuzi wa chumvi, kisha uso wake ukalegea kidogo.

"Mjukuu wangu, huyu amesimama hapa anaitwa mwizi kwa sababu yetu," akasema. "Mimi natangulia kwenda kwenye robota. Hao wengine wanifuate."

Akauchukua mikononi mwangu taratibu, akauweka juu ya wenzake.

Tulimsaidia babu kufunga. Ilibidi upande wenye rangi ukae nje, usiguse jani, kisha gunia lije juu yake. Siku ya soko mteuzi, yule mtaalamu anayepanga tumbaku madaraja, aliifungua kona ya robota moja, akakutana uso kwa uso na bibi. Akamtazama yule wa kwenye karatasi. Akamtazama bibi mwenyewe, aliyekuwa amesimama kando akijifanya amepita tu. Akamtazama babu. Akaingiza mkono hadi kiwiko akiamini kuna kitu kimefichwa chini, akatoa jani, akalinusa. Hakikuwepo kitu. Akaandika daraja lake, gunia likashonwa, na lori likamshusha bibi na kijiji chetu kizima hadi stesheni ya Mpanda, wakapanda behewa la mizigo kuelekea Tabora.

Babu hakuacha kuleta karanga. Alizileta mchana, kwenye bakuli la wazi, mbele ya kila mtu. Bibi alizipokea kwa mikono miwili, na alipoondoka alibaki akimsindikiza kwa macho. "Sasa huyu anataka nini?" alikuwa akisema. Alisema hivyo miaka yote waliyobaki hai, na hadi tunamzika bibi hatukuwahi kusikia kama alimuuliza. Wala mimi sijapata uhakika kama zile karatasi pana zililetwa kwa ajili yake, au kwa ajili ya mtoto aliyelamba magazeti. Nimeishi na shaka hiyo kwa muda mrefu, na sasa sitaki mtu aiondoe.

Nilipita kule siku mbili kabla ya kwenda dukani Majengo. Bani limebaki ukuta mmoja wenye masizi. Mpaka wa mihogo umekuwa njia ya bodaboda. Shuleni wana ukuta mpya, umepakwa rangi ya mafuta, nyororo, hakuna kitakachong'ang'ania pale. Moshi haupo, nilivuta hewa hadi kijana mmoja akaniuliza kama naumwa.

Kwa yule muuzaji nilinunua bahasha kubwa za kaki, akazifunga haraka ili niondoke. Nimezichana pembeni, nimezitandaza mezani. Nimezilamba, zinang'ang'ania. Ninayo penseli nyeupe, na kila jioni ninajaribu kumchora bibi akichambua mchele. Mvi zinakuja. Mwanga wa kwenye ungo unakuja. Uso wenyewe haukai, kwa sababu sikuwa na picha yake nyingine, na ule mchoro nilioupatia ulikwenda.

Ndiyo maana nikimwona mzee yeyote anavuta sigara stendi, humtazama kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Naye huniangalia kwa mashaka, huizima, huondoka. Sijui nitamwelezaje kwamba simlaumu kwa moshi. Nataka tu kujua kama aliyelifungua lile robota, huko lilikofika, alitazama karatasi kabla ya kuitupa.